The King and the Clown: mapenzi yanayosemwa juu ya kamba

Wengi wanaoizungumzia Wang-ui Namja, filamu ya Korea Kusini inayojulikana zaidi nje kwa jina la The King and the Clown, hukwama kwenye swali moja: Jang-saeng na Gong-gil ni wapenzi au si wapenzi? Filamu ilitoka tarehe 29 Desemba 2005, ikiongozwa na Lee Joon-ik, na mabishano hayajapoa. Upande mmoja unasema mwongozaji aliogopa. Alikuwa na kisa cha wanaume wawili wanaopendana, akakipunguza makali mpaka kikafaa kutazamwa na kila mtu, kisha akavuna. Upande wa pili unasema ukimya ule ndio ufundi wenyewe.

Kila upande una hoja, ila pande zote mbili zina kawaida ya kutafuta ushahidi pasipo na ushahidi: chumbani, kwenye macho yanayokutana, kwenye busu lililopo au lisilopo. Hawa wawili ni waigizaji. Mambo yao mazito wanaambiana wakiwa kazini, mbele za watu, ndani ya mchezo. Asiyeyafuatilia maigizo yao hatua kwa hatua hawezi kuamua kama filamu imeficha kitu au imekisema.

Kisa ni hiki. Jang-saeng (Kam Woo-sung) na Gong-gil (Lee Joon-gi) wamo katika kikundi cha waigizaji wa kuhamahama, mwanzoni mwa karne ya 16. Gong-gil ana sura laini na ndiye anayecheza sehemu za kike. Kiongozi wa kikundi humkodisha usiku kwa matajiri. Jang-saeng anapolikataa jambo hilo anapigwa, na katika purukushani Gong-gil anamuua kiongozi. Wanakimbilia Hanyang, mji mkuu wa wakati ule, ambao leo ni Seoul. Huko wanaungana na wachekeshaji watatu, Yuk-gab, Chil-deuk na Pal-bok, na kuanza kuigiza barabarani mzaha juu ya Mfalme Yeonsan na suria wake Jang Nok-su. Watu wanajaa, sarafu zinamwagika, na habari zinamfikia towashi Cheo-seon. Wanakamatwa. Jang-saeng anaomba nafasi ya kuuigiza mzaha huo mbele ya mfalme mwenyewe: akicheka, basi hapakuwa na tusi, asipocheka, vichwa vyao ni halali yake. Mfalme anacheka. Wanawekwa kuishi ikulu, na humo ndimo mfalme anapoanza kumwita Gong-gil peke yake usiku.

Gong-gil hakubuniwa kutoka hewani. Kumbukumbu rasmi za utawala wa Yeonsangun, yaani huyo Mfalme Yeonsan, aliyetawala tangu 1494 hadi alipopinduliwa 1506, zina ingizo moja la mwaka 1505 kuhusu mwigizaji wa jina hilo. Aliigiza msomi mzee, akamnukulia mfalme maneno yaliyomo katika kitabu cha mafundisho ya Konfusio, mwanafalsafa wa kale wa China, kwamba mfalme asipokuwa mfalme na mtumishi asipokuwa mtumishi, hata nafaka ikiwepo, je, nitaweza kuila. Alichapwa na kupelekwa uhamishoni. Ingizo linaishia hapo, na Jang-saeng hamo kabisa. Kutokana na mistari hiyo Kim Tae-woong aliandika tamthilia ya Yi, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2000, na filamu ikatolewa humo kwa skripti ya Choi Seok-hwan. Katika tamthilia, uhusiano wa mfalme na Gong-gil uko wazi, na Gong-gil ni mtu mwenye tamaa ya cheo: anajua anachotoa na anajua anachodai. Filamu ilimfanya mpole, msikivu, mwenye machozi ya karibu, na ikamsogeza Jang-saeng katikati ya kisa awe ndiye stelingi.

Mabadiliko hayo ndiyo mzizi wa lawama, na wanaolaumu hawajakurupuka. Filamu ilipewa daraja la watazamaji wa miaka 15 na kuendelea. Ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 12 katika nchi ambayo haikufika hata watu milioni 50, ikavunja rekodi ya filamu ya Kikorea ya Taegukgi, na ikashikilia nafasi ya kwanza mpaka filamu nyingine ya Kikorea, The Host, ilipoipita mwaka huohuo wa 2006. Busu lililomo ni la mfalme kwa Gong-gil. Kati ya Jang-saeng na Gong-gil hakuna hata moja. Lee Joon-ik mwenyewe aliwaeleza waandishi wa habari kwamba jambo analolionyesha ni desturi ya vikundi vya wasanii wa zamani, akalitenga na namna Brokeback Mountain, filamu ya Marekani juu ya wanaume wawili wanaopendana, ilivyolionyesha. Mtu akiyaweka hayo yote mezani, ni rahisi kuhitimisha kwamba filamu ilikula huku na huku: iliwapa watazamaji msisimko wa jambo lisilotajwa, kisha ikalikana lilipotajwa.

Halafu kuna ulinganisho ambao hauepukiki. Mwaka 2008 Yoo Ha aliongoza A Frozen Flower, juu ya mfalme wa enzi ya Goryeo, ukoo uliotawala Korea kabla ya ule wa Yeonsan, na mkuu wa walinzi wake. Hiyo haikuficha kitu. Ilionyesha kitanda, ikapewa daraja la watu wazima, na watazamaji wake walizidi milioni 3, idadi nzuri lakini mbali sana na milioni 12. Walalamikaji wanasema tofauti hiyo ndiyo bei ya ukweli. Hoja hiyo ina nguvu kibiashara tu. Kisanaa haisimami vizuri, maana A Frozen Flower inaonyesha miili mingi na bado mtu anatoka bila kuelewa mfalme yule na mlinzi wake walipendana kwa lipi hasa. Kuonyesha na kusema ni mambo mawili tofauti.

Sasa tuiangalie kazi yao.

Mchezo wa kamba wa Kikorea, jultagi, hauchezwi na mtu mmoja. Juu ya kamba, kama mita 3 kutoka ardhini, yuko anayetembea, na mkononi ana upepeo wa kusawazishia mwili. Chini yake yuko mwenzake, ambaye Wakorea humwita eorit-gwangdae, na pembeni wako wapigaji wa ngoma na zumari. Mtu wa chini si mapambo. Yeye huuliza, hutania, hutukana, hushangaa kwa niaba ya watazamaji. Naye wa juu hujibu kwa maneno na kwa mwili. Kamba yenyewe haikazwi ikawa ngumu kama chuma. Huachiwa mnepo, kwa sababu mchezaji hukaa juu yake kwa makalio kisha huitumia imrushe asimame tena. Ikilegea kupita kiasi miguu inatetemeka; ikikazwa kupita kiasi hairushi, na kila anapotua goti ndilo linaloumia. Mchezaji wa juu akiishiwa pumzi, wa chini lazima ajue bila kuambiwa, aanzishe mzaha mrefu ili mwenzake apate kupumua bila watu kugundua. Akikosea hesabu ya sekunde chache tu, ama kimya kinaingia ama anamwitia mwenzake mruko kabla mguu haujashika. Ni kama kiongozi wa wimbo na mwitikiaji wake: mmoja akichelewa, wote wawili wameharibu.

Filamu inafunguka na mchezo huo. Jang-saeng yuko juu, Gong-gil yuko chini katika sura ya mwanamke, na wanarushiana maneno ya chumvi. Nyingi ya hatua ngumu za kamba alizifanya Kwon Won-tae, bingwa halisi wa jultagi, akivaa nafasi ya Kam Woo-sung, na ndiyo maana miruko ina uzito wa kweli. Lakini kitu cha kutazama ni wa chini. Gong-gil hamtazami Jang-saeng kama shabiki. Anamsoma. Anatupa neno pale mguu unapotua, ananyamaza pale mwili unapojikusanya. Ndani ya dakika hizo filamu imeshatueleza kwamba mmoja ameweka uhai wake mikononi mwa mwenzake, kila siku, kwa miaka.

Tukio la pili ni lile la mbele ya mfalme. Hofu imewakausha koo. Yuk-gab na wenzake wawili, waliokuwa moto mtaani, wanababaika. Mistari inatoka mapema, miili imekuwa mizito, na mzaha uliozoea kelele za soko unaanguka katika ukumbi ambao hakuna anayethubutu kucheka kabla ya mfalme. Hapo kuna somo la uigizaji ambalo kila aliyewahi kupanda jukwaani analifahamu: kichekesho cha barabarani hutegemea kicheko cha kwanza kivute cha pili, na kicheko cha kwanza kisipokuja kila neno linalofuata linazidi kuwa zito. Jang-saeng anajaribu kuubeba mchezo peke yake na anashindwa. Anayeuokoa ni Gong-gil, kwa mzaha mchafu wa mwili alioubuni palepale, nje ya walichopanga. Jang-saeng anaudaka mara moja na kuumalizia. Mfalme anaangua kicheko. Hakuna maneno ya mapenzi hapo, lakini hakuna watu wawili wanaoweza kufanya vile bila kujuana ndani na nje.

Anayeitazama filamu hii ikiwa na sauti ya mtafsiri inayosimulia juu ya mazungumzo, kama filamu nyingi za nje zinavyouzwa kwetu, atafuata kisa bila shida lakini atalikosa hili. Midundo ya kurushiana maneno ndiyo ushahidi, na sauti ya tatu ikiingia katikati inaizima. Kwa filamu hii, bora maandishi chini ya picha.

Kuna mchezo mdogo unaojirudia: wanajifanya vipofu wawili wanaotafutana kwa fimbo, wakiitana kwamba mimi niko hapa nawe uko pale. Mwaka 2006 mwandishi mmoja wa tamthilia alikwenda mahakamani mjini Seoul akidai mazungumzo hayo yametoka katika kazi yake na filamu isimamishwe. Mahakama ilikataa, kwa sababu maneno yenyewe ni ya kawaida mno kumilikiwa na mtu. Uamuzi ulikuwa sahihi, nao kwa njia yake unaonyesha jinsi filamu inavyofanya kazi: maneno hayana kitu. Uzito unatoka kwa nani anayasema, lini, na akiwa katika hali gani. Mara ya kwanza ni utani wa watu wenye macho.

Baadaye Nok-su, kwa wivu, anasababisha Gong-gil asingiziwe kuandika matangazo ya kumtukana mfalme. Jang-saeng anajitokeza na kudai mwandiko ni wake. Anafunguliwa gerezani kwa siri, aambiwe aende zake. Haendi. Anapanda kamba ndani ya ikulu na kumkejeli mfalme waziwazi, na adhabu inakuwa kuchomwa macho kwa chuma cha moto.

Kisha linakuja igizo la mwisho. Jang-saeng kipofu yuko juu ya kamba, mfalme na Nok-su wanatazama, na anaanza kuhesabu upofu wake kwa mtindo wa mzaha. Utotoni alipofushwa na mdundo wa ngoma za waigizaji. Kisha akapofushwa na raha ya kucheza na mchekeshaji fulani waliyepatana. Mjini akapofushwa na sarafu za watazamaji. Na alipoingia ikulu, akawa kipofu kiasi cha kutomwona baradhuli aliyekuja kuiba moyo wa yule mwenzake.

Huyo baradhuli amekaa mbele yake, amevaa joho la kifalme. Hii ni kauli ya mapenzi, ya wivu na ya shutuma kwa mfalme, na imetolewa hadharani kwa sauti ya juu. Haiwezekani kusema filamu imeficha. Imeiweka kauli mahali pekee ambapo mtu wa tabaka la Jang-saeng aliruhusiwa kusema ukweli, yaani ndani ya kichekesho. Anayesema "wangeambiana tu faraghani" anasahau kwamba waigizaji wa namna ile walikuwa watu wa tabaka la chini kabisa, na kwamba faragha yao ilikuwa mali ya kiongozi wa kikundi, kisha ikawa mali ya mfalme. Jukwaa ndilo lililokuwa lao.

Kwa hiyo lawama ya kuficha, kwa maoni yangu, haishiki. Lakini iko lawama nyingine ambayo mashabiki wa filamu huipita haraka, nayo inashika.

Vikundi vya namsadang, ambavyo filamu imevichukua kama mfano, vilikuwa vya wanaume watupu, wapata 40 au 50, wakiongozwa na mkuu aitwaye kkokdusoe. Michezo yao ni sita: ngoma, kuzungusha sahani juu ya fimbo, sarakasi ya ardhini, kamba, vinyago na vikaragosi. UNESCO iliuorodhesha urithi huo mwaka 2009, na jultagi peke yake mwaka 2011. Ndani ya vikundi hivyo vijana wanaoanza walivalishwa kike na kugawiwa kwa wakubwa, mmoja akishika nafasi ya mume na mwingine ya mke, na wengine walikodishwa nje. Hayakuwa mapenzi ya kuchaguana. Ulikuwa mpangilio wa nguvu. Filamu inaujua ukweli huo, maana inauweka mwanzoni kama jeraha. Ila baada ya hapo inamruhusu Jang-saeng achukue nafasi ya mwenye kauli bila kumhoji. Yeye anaamua wakimbie, waende Hanyang, waigize nini, waondoke ikulu lini. Gong-gil anafuata au anasitasita. Tofauti ya Jang-saeng na kiongozi wa zamani ni kubwa, kwa kuwa huyu anamlinda na yule alimuuza, lakini mlinzi naye anaweza kuzungumza kwa niaba ya anayemlinda mpaka asisikike.

Hesabu mambo ambayo Gong-gil anayatenda kwa uamuzi wake. Anamuua kiongozi, kwa ajili ya Jang-saeng. Anaokoa mchezo mbele ya mfalme, kwa ajili ya wote. Anajikata mkono huku akimchezea mfalme vikaragosi, baada ya Jang-saeng kupofushwa. Mwishoni anatoka na kumjibu Jang-saeng aliye juu ya kamba. Kila tendo ni la mtu mwingine. Hatujui anamwonea mfalme huruma tu au kuna zaidi. Hatujui kama maisha ya ikulu, chakula, hariri na usalama, yalimvuta hata kidogo. Lee Joon-gi, ambaye kabla ya hapo hakuwa na jina kubwa, anajaza pengo hilo kwa uso wake, na uso huo ulimfanya nyota wa Asia nzima. Uso hautoshi. Upande unaosema ukimya ni ufundi una haki kwa Jang-saeng, kwa kuwa ukimya wake unavunjika kwenye kamba na kila kilichokusanyika kinatoka. Ukimya wa Gong-gil hauvunjiki namna hiyo.

Watetezi watataja jibu lake la mwisho. Akiwa katika sauti ya mtu wa chini wa jultagi, anamuuliza Jang-saeng akizaliwa upya angetaka kuwa nani: bwana mkubwa? mfalme? Jang-saeng anakataa yote, atakuwa mchekeshaji tena. Naye akiulizwa, Gong-gil anajibu bila kupepesa kwamba atakuwa mchekeshaji. Kisha anapanda. Tangu mwanzo wa filamu yeye alikuwa wa chini. Sasa wote wawili wako juu ya kamba moja, waasi wanavunja milango ya ikulu, nao wanaruka pamoja. Nakubali kwamba hilo ni jibu, na ni zuri, kwa kuwa linatumia kanuni ya mchezo kusema kwamba amechagua mtu na amechagua kazi. Linakuja tu likiwa limechelewa mno, baada ya saa karibu mbili za kubebwa huku na huku.

Makosa ya kihistoria yanastahili mstari mmoja au miwili. Namsadang kama tunavyowajua ni wa miaka ya mwisho ya Joseon, enzi ya ukoo wa kifalme wa Yeonsangun, si wa zama zake yeye. Igizo la kuuawa kwa malkia kwa sumu, ambalo linamtia mfalme wazimu, linavaa sura ya opera ya Peking, sanaa ya mwisho wa karne ya 18. Kifo chenyewe ni cha kweli: mama yake Yeonsangun aliuawa kwa sumu mwaka 1482, na mwaka 1504 mwanawe alilipiza kisasi kwa damu nyingi. Mavazi yasiyo ya wakati wake hayaharibu hoja ya filamu.

China haikuiruhusu ionyeshwe kwenye majumba ya sinema, na sababu zilizotajwa ni dokezo la mapenzi ya jinsia moja na lugha ya matusi. Korea yenyewe iliituma kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, na tuzo za filamu za Korea za Grand Bell za 2006 ziliipa ya filamu bora. Wakaguzi wa filamu wa China, angalau, hawakuwa na shaka kwamba filamu imesema kitu.

Kilichohitajika kumponya Gong-gil si busu la pili wala tukio la kitandani. Tamthilia ya Yi tayari ilikuwa na dawa: Gong-gil anayetaka kitu. Katika filamu mfalme anampa cheo, naye anakipokea kama mtu aliyemwagiwa maji. Ingetosha tukio moja fupi, kabla ya hapo au baada yake, ambamo Gong-gil anaomba jambo kwa kinywa chake, liwe cheo, liwe ruhusa ya kuondoka, liwe sehemu ya kiume katika igizo lijalo. Jang-saeng angelazimika kumjibu mtu mwenye haja zake, na mzaha wake juu ya moyo ulioibwa ungeweza kupingwa na mwenye moyo.